Hofu ya kona za Tambach: Kiini chake na jinsi ya kuikabili

MSAFIRI anayetoka Eldoret kuelekea Kabarnet huanza safari yake kwa raha. Barabara hupita katika nyanda za juu kati ya mashamba ya mahindi na ngano, na abiria huzungumza, husinzia au huchezea simu zao hadi gari lifikapo Iten, mji wa wanariadha.

Kisha, ghafla, ardhi huisha. Mbele ya kioo huonekana Bonde la Kerio likiwa limetandazwa chini kabisa, na ng'ambo yake Milima ya Tugen kama ukuta wa buluu. Barabara hujikunja kulia, kisha kushoto, ikishuka kando ya magenge kuelekea Tambach.

Ni hapo ambapo mazungumzo hukatika. Yupo anayefumba macho, yupo anayeng'ang'ania kiti cha mbele kwa mikono miwili, na yupo anayeomba Mungu kimoyomoyo huku jasho likimtiririka. Utingo huwajua watu hawa. Aghalabu huwacheka.

Iten iko katika mwinuko wa takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Sakafu ya bonde iko zaidi ya mita 1,000 chini yake. Gari huteremka kimo hicho chote katika mwendo wa kilomita chache, likavuka Mto Kerio penye korongo la Chebloch, kisha likaanza kupanda upya hadi Kabarnet. Masikio huziba njiani na baridi ya Iten hugeuka kuwa joto la mikakaya na mbuzi.

Kwa wengi hiyo ni mandhari ya kupigwa picha. Kwa wengine ni adhabu, na adhabu hiyo ina gharama. Kuna mwalimu anayekataa uhamisho wa kwenda ng'ambo ya bonde, mgonjwa anayeahirisha kliniki yake Eldoret, na jamaa anayetuma rambirambi kwa simu badala ya kuhudhuria mazishi. Wachache hukiri kwamba kilichowazuia ni barabara. Husingizia kazi.

Hofu hii si ya Wakenya pekee. Watalii wanaoshuka melini katika bandari ya Naples, Italia, na kupandishwa mabasi ya kwenda Amalfi, huishi hali iyo hiyo kwenye barabara nyembamba iliyochongwa katika majabali juu ya bahari. Tofauti ni kwamba wao wanaweza kusalia melini siku hiyo wakanywa kahawa. Mkazi wa Kabarnet aliye na shughuli Eldoret hana meli ya kusalia.

Wapo wanaodhani wataikwepa Tambach kwa kuzunguka kupitia Nakuru na Marigat. Mbali na urefu wa mzunguko huo, Kabarnet imejengwa juu ya mgongo wa milima. Kutoka Marigat gari hulazimika kupanda mgongo uo huo kutoka upande wa pili, kwa kona vilevile.

KWA NINI MWILI HUOGOPA

Kuogopa genge si upungufu wa akili. Mwaka wa 1960 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Eleanor Gibson na Richard Walk, walichapisha matokeo ya jaribio lililopata umaarufu mkubwa. Waliwaweka watoto 36 wa umri wa miezi 6 hadi 14 juu ya meza iliyofunikwa kioo kigumu. Upande mmoja kioo kilikaa juu ya kitambaa. Upande wa pili chini ya kioo hapakuwa na kitu, na sakafu ilionekana mbali.

Watoto 27 walikubali kutambaa kuwafuata mama zao upande uliokuwa salama machoni. Ni watatu tu kati yao waliothubutu kupita upande ulioonekana kama shimo, ingawa kioo kingewabeba. Kwa hivyo tahadhari ya kimo huanza mapema mno, kabla ya mtu kusikia habari ya ajali yoyote.

Garini tahadhari hiyo huongezewa jambo la pili: abiria hana usukani. Mtu anayetembea kwa miguu kando ya genge anaweza kusimama, kurudi nyuma au kukaa chini. Aliye katika kiti cha nyuma amekabidhi uhai wake kwa mtu ambaye pengine hajawahi kuonana naye. Ndiyo maana dereva mwoga huweza kuwa mtulivu anaposhika usukani mwenyewe, na dereva hodari huweza kutetemeka anapoendeshwa na mwingine.

Ubongo ukishatoa ishara ya hatari, mwili hujiandaa kupigana au kukimbia. Moyo hupiga mbio, misuli hukaza, pumzi huwa fupi na za haraka. Katika kiti cha matatu hakuna pa kukimbilia, basi maandalizi yote hayo hukosa kazi. Kupumua kwa kasi hupunguza hewa ya kaboni katika damu, na matokeo yake ni kizunguzungu na vidole kufa ganzi. Abiria huyahisi hayo akadhani anakata roho, na hofu huzaa hofu nyingine.

Wimbi hilo hufikia kilele chake aghalabu katika muda wa dakika 10, kisha huanza kushuka lenyewe. Wengi hawajui hivyo kwa sababu hawajawahi kulisubiri likashuka.

Kichefuchefu ni jambo jingine, na si vyema kulichanganya na woga ingawa viwili hivyo huja pamoja. Ndani ya sikio kuna mirija yenye umajimaji unaoupasha ubongo habari za mwendo. Gari likipinda, sikio husema mwili unazunguka, ilhali macho yaliyoinamia simu au kitabu husema mwili umetulia. Ubongo hupokea taarifa mbili zinazopingana, na tumbo ndilo linalolipa. Dereva hapatwi na hali hiyo kwa urahisi kwa kuwa macho yake yanaiona kona kabla sikio halijaihisi.

HOFU NA HATARI SI KITU KIMOJA

Hapa ndipo penye kiini cha suala lenyewe. Hofu hupiga kelele pale jicho linapoona shimo. Hatari haina mazoea hayo. Mara nyingi hukaa mahali ambapo abiria wamelala.

Barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret ni mfano mzuri. Sehemu ya Salgaa, Sachangwan na Migaa haina genge la kutisha kama la Tambach. Ni mteremko mrefu ambao kwa miaka mingi umewaponza madereva wa malori waliopoteza breki. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa na watu 36 wakafariki. Baadaye pande mbili za barabara zilitenganishwa kwa ukuta katika sehemu hiyo. Hata hivyo, ni nadra kumsikia abiria wa Eldoret akisema anaogopa Salgaa. Hupita hapo akiwa usingizini.

Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA) zinaonyesha kuwa zaidi ya watu 4,700 waliaga dunia katika ajali za barabarani nchini mwaka wa 2024. Kundi lililopoteza watu wengi zaidi ni la wanaotembea kwa miguu.

Haimaanishi kwamba barabara za kona hazina hatari yake. Oktoba 10, 2018, kabla ya mapambazuko, basi lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Kakamega liliacha barabara kwenye mteremko karibu na Fort Ternan, Kaunti ya Kericho, na zaidi ya watu 50 wakafa. Julai 24, 2022, basi jingine lilitumbukia kwenye bonde la Mto Nithi huko Tharaka Nithi na kuua zaidi ya 30. Anayeogopa mteremko hajaota.

Linalohitajika ni kutenganisha. Kona yenyewe haiui. Kinachoua ni mwendo wa kasi, breki zilizochakaa, dereva aliyechoka au mlevi, gari lililojazwa kupita kiasi na upofu wa kupita gari jingine pasipoonekana mbele. Abiria anaweza kujiuliza: je, ninachoogopa sasa ni kimo, au ni jinsi gari linavyoendeshwa? Jibu la kwanza linahitaji kutuliza mwili. La pili linahitaji kufungua kinywa.

KUFUNGUA KINYWA

Abiria wa Kenya kwa desturi hunyamaza. Huogopa kutukanwa na utingo, au kuambiwa ashuke akanunue gari lake. Huona pia aibu mbele ya abiria wenzake, asijue kwamba nusu yao wanawaza analowaza yeye.

Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown nchini Marekani, James Habyarimana na William Jack, walilichunguza jambo hilo hapa nchini. Walibandika ndani ya matatu za masafa marefu karatasi zenye ujumbe wa kuwahimiza abiria kumkemea dereva anayeendesha vibaya. Matokeo waliyoyachapisha mwaka wa 2011 yalionyesha kuwa madai ya bima yaliyotokana na ajali za magari hayo yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Jaribio kubwa zaidi lililochapishwa mwaka wa 2015 lilionyesha upungufu wa asilimia 25 hadi 33. Kampeni iliyotokana na kazi hiyo ilipewa jina fupi: Zusha!

Karatasi ya kubandika haina breki wala usukani. Kilichoyaokoa magari yale ni woga wa abiria uliopewa ruhusa ya kusema.

Namna ya kusema nayo ina umuhimu. Kumpigia dereva kelele katikati ya kona kali kunaweza kumshtua. Mahali pazuri ni Iten, gari likiwa limesimama kupakia na kushusha. Maneno machache ya heshima yanatosha: "Dereva, tafadhali tuteremke polepole, kuna watu wanaougua hapa nyuma." Mara nyingi sauti ya pili huitikia, kisha ya tatu. Kwa walioajiri gari la matembezi, kama vile kikundi cha akina mama au cha kanisa, mazungumzo hayo yafanywe hata kabla ya kuondoka Eldoret, pamoja na kukubaliana kuhusu vituo vya kupumzika.

Sheria iko upande wa abiria. Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, wakati John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, zililazimisha matatu kuwa na vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa, na mikanda ya usalama kwa kila kiti. Ifahamike lakini kuwa kidhibiti mwendo hakijui kona. Kilomita 70 kwa saa ni halali mbele ya kifaa hicho, na ni wazimu kwenye mteremko wa Tambach.

Nao mkanda huwafaa abiria wenye hofu kwa njia mbili. Humlinda mtu gari likigonga, na humshika asiyumbe kwenye kona, jambo ambalo peke yake hupunguza hisia ya kuanguka.

KUTULIZA MWILI

Abiria aliyeridhika kwamba dereva ni mwangalifu, na bado moyo unamdunda, ana mambo kadhaa ya kufanya.

La kwanza ni kiti. Wengi huomba kiti cha upande wa mlima ili wasione bonde. Kwenye barabara inayojikunja na kurudi, upande huo hubadilika kila kona, na aliyedhani amejificha hujikuta akitazama shimo. Viti vya kati, mbali na madirisha, ni afadhali kwa anayeogopa kimo. Kwa anayetapika, kiti cha mbele ndicho bora, kwa kuwa humwezesha kuiona barabara ijayo. Mwenye matatizo yote mawili itambidi achague adui aliye mkubwa zaidi.

La pili ni macho. Kuyafumba huonekana kama kimbilio, ila kwa wengi huzidisha kichefuchefu na kuiacha akili ichore picha mbaya kuliko zilizo nje. Heri kukazia macho kitu cha mbali kisichosogea: kilele cha Tugen ng'ambo ya bonde, au lami iliyo mbele.

La tatu ni pumzi, na dawa yake ni kutoa hewa polepole kwa muda mrefu kuliko wa kuivuta. Kuhesabu hadi tatu wakati wa kuvuta na hadi sita wakati wa kutoa kunatosha. Mabega yalegezwe, mikono iachie kiti. Misuli iliyolegea huupa ubongo habari kwamba hali si mbaya hivyo.

Tumbo nalo litunzwe. Mlo mzito wa nyama choma Eldoret kabla ya kushuka bondeni ni kujitafutia balaa, na tumbo tupu nalo halisaidii. Chakula chepesi, dirisha lililofunguliwa kidogo na tangawizi ya kutafuna huwafaa baadhi ya watu. Zipo tembe za kuzuia kichefuchefu cha safarini zinazopatikana katika maduka ya dawa, na humezwa kabla ya kuondoka, si baada ya kutapika. Nyingi huleta usingizi, kwa hivyo anayeendesha gari asizitumie.

Pombe ya kujipa ujasiri haifai. Humlegeza mtu kwa muda, huchafua tumbo, na humwacha akiwa na hofu ileile siku ya kurudi.

KUIZOEA BARABARA

Hofu hulishwa na kukwepa. Kila mara mtu anapoahirisha safari hupata nafuu papo hapo, na ubongo hujifunza kwamba kukwepa ndiko kulikomwokoa. Safari inayofuata huwa ngumu zaidi.

Njia ya kuvunja mzunguko huo imejulikana kwa miaka mingi. Joseph Wolpe, daktari wa akili aliyezaliwa Afrika Kusini, alieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1958 jinsi ya kumkaribisha mgonjwa kwa kile anachokiogopa hatua kwa hatua, akiwa ametulia, kutoka kidogo hadi kikubwa. Matibabu ya leo ya hofu za namna hii bado yanasimama juu ya msingi huo wa kukutana na jambo linalotisha badala ya kulikimbia.

Barabara ya Iten kana kwamba ilitengenezwa kwa mazoezi hayo. Siku ya kwanza mtu anaweza kufika Iten tu, akakaa penye ukingo ambapo wageni hutazama bonde, akinywa chai hadi moyo utulie. Asiondoke hofu ikiwa kileleni. Siku nyingine ateremke hadi Tambach na kurudi. Baadaye afike chini, hadi Chebloch, ambako vijana hujirusha kutoka majabalini hadi mtoni mbele ya watalii. Kabarnet iwe ya mwisho. Kila hatua irudiwe hadi iwe ya kuchosha. Kuchoka ndiyo dalili ya kupona.

Ni vyema kuandamana na mtu anayeaminika, asiye na mzaha. Anayemcheka mwenye hofu, au kumlazimisha kwa ghafla, humrudisha mwanzo.

Watu wenye hofu iliyopita kiasi ya kitu fulani si haba. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa katika nchi 22 ulionyesha kuwa takriban watu 7 katika kila 100 huwahi kupata tatizo hilo maishani. Inapomfanya mtu apoteze kazi, akose matibabu au akose usingizi siku nyingi kabla ya safari, hapo inahitaji mtaalamu. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret ina idara ya afya ya akili. Aliyenusurika ajali na ambaye bado huiona kila afumbapo macho asianze mazoezi haya peke yake. Hali yake ni tofauti. Vivyo hivyo mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza.

ANAYESHIKA USUKANI

Dereva mwenye hofu ana kazi nyingine. Kosa kubwa la wageni kwenye mteremko wa Iten ni kukanyaga breki bila kuachilia. Breki hupata moto, hunuka, kisha hukosa nguvu. Kanuni ni kuingiza gia nzito kabla ya mteremko kuanza, ili injini yenyewe ilizuie gari, na breki zitumike kwa vipindi. Kuachilia gari liteleze bila gia ili kuokoa mafuta ndiko kulikowaangamiza wengi Salgaa.

Macho ya dereva yaende anakotaka gari liende, yaani mwisho wa kona, kwa kuwa mikono huyafuata. Dereva anayetupia bonde jicho husogea kuelekea bonde. Kwenye kona isiyoonekana mbele honi ipigwe, na gari linalopanda lipewe nafasi. Akihisi mikono inatetemeka, atafute mahali papana pa kuegesha. Kamwe asisimame ndani ya kona.

Msimu nao uzingatiwe. Wakati wa mvua za masika na za vuli mawe na udongo huweza kuporomoka kutoka ukingoni, na ukungu wa Iten huficha alama za barabara. Baadhi ya wenye hofu hupendelea kusafiri usiku ili wasione bonde. Kwa macho ni nafuu, ila giza huficha pia jiwe lililoanguka, ng'ombe aliyelala barabarani na lori lisilo na taa.

Mchana ndio wakati wake, na kurudi nako kupangwe. Barabara kutoka Kabarnet huelekea magharibi, na anayechelewa kuondoka huupanda ukingo wa Iten giza likiingia. Anayeondoka saa nane mchana hufika Eldoret kungali na mwanga, na safari ya kupanda, kwa kuwa gari huenda kwa gia nzito na pua yake ikitazama mlima, huwa nyepesi moyoni kuliko ile ya asubuhi.